Fouga namba 93: Ndege ya shule iliyogeuzwa ya vita Katanga

Juu ya meza ya fundi wa makete, ndege hii ina urefu wa sentimeta 14, na kutoka ncha ya bawa moja mpaka ingine ni karibu sentimeta 17. Mtoto anaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Lakini katika mwezi wa tisa mwaka wa 1961, ile ya kweli, yenye ukubwa wa mara 72, ilitia hofu jeshi zima la Umoja wa Mataifa huko Katanga. Jina lake ni Fouga Magister, na namba yake 93.

Kampuni ya Kifaransa Heller iliuza Fouga hiyo ndani ya kisanduku, vipande vya plastiki vya kukatwa kwa wembe, kuunganishwa kwa kole, kusuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi. Inavyotoka katika kisanduku ni ndege ya shule. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, kwa mwanafunzi na mwalimu wake. Ina injini ndogo mbili, na mkia wake umefanana na herufi V. Wafaransa waliirusha mara ya kwanza mwaka wa 1952 kwa kufundisha marubani wa ndege za jeti.

Anayetaka namba 93 anapashwa kuigeuza. Anatoboa pua na kuweka midomo miwili ya bunduki za rashasha. Chini ya mabawa anafunga mabomu. Ndani ya pua anaficha kipande cha risasi, kusudi ndege isimame juu ya gurudumu la mbele, isianguke kwa mkia. Vibandiko vya Ufaransa anaviacha, anaweka alama za Katanga. Kazi hii yote inafuata ile iliyofanyika kwa kweli: ndege ya kufundishia watu ilifungiwa silaha, ikawa ndege ya kuua.

Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi ya pekee tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku 11 tu nyuma ya uhuru wa Kongo. Katika mwezi wa pili 1961, Fouga tatu zilifika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Moja ilianguka. Ya pili ilikamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa mwisho wa mwezi wa nane. Ikabaki moja.

Tarehe 13 mwezi wa tisa vita vikaanza Elisabethville. Siku hiyo hiyo, askari wa Ireland zaidi ya 150, wakiongozwa na komanda Pat Quinlan, walizungukwa huko Jadotville, Likasi ya leo. Fouga ilikuja juu yao na kuwapiga kwa bunduki na mabomu. Iliwapiga pia wale waliotumwa kuwaokoa, njiani kwenye daraja la mto Lufira. Umoja wa Mataifa ulikuwa na maelfu ya askari Kongo, lakini haukuwa na hata ndege moja ya vita ya kuizuia. Maji na risasi vilipokwisha, tarehe 17, Quinlan na watu wake walijitoa. Hakuna aliyekufa kati yao.

Usiku wa tarehe hiyo, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikuwa angani akienda Ndola kuzungumza na Tshombe. Ndege yake ilisafiri usiku na kupita njia ya kuzunguka, kwa kuogopa Fouga. Ilianguka karibu na Ndola, na watu wote 16 waliokuwa ndani walipoteza maisha. Sababu ya ajali hiyo inabishaniwa mpaka leo.

Hapo ndipo Umoja wa Mataifa ulileta jeti zake: Canberra za India, Sabre za Ethiopia, na Saab J 29 za Sweden, ambazo Waswedi waliziita Tunnan, maana yake pipa, kwa unene wa tumbo lake. Nayo J 29 inatengenezwa kama makete, na fundi huandika herufi za UN kwenye mbavu zake. Katika mwezi wa kumi na mbili ndege hizo zilipiga uwanja wa Kolwezi, na nguvu ya Katanga angani ikavunjika. Uasi wenyewe uliisha mwezi wa kwanza 1963.

Makete inafundisha mambo mengi: namna gani bunduki zilifungwa, na sababu gani ndege moja tu ilitosha kusimamisha jeshi lisilo na ulinzi wa juu. Lakini ndani ya kisanduku hakuna kipande cha mama aliyekimbia na mtoto mgongoni. Katika mwezi wa tisa uleule, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikuwa wamekimbilia karibu na askari wa Umoja wa Mataifa pembeni ya Elisabethville. Walilala nje na katika vibanda vya majani na makaratasi, wakingojea chakula cha kugawiwa. Jamaa zilizo katika kambi za Kongo leo zinajua maisha hayo bila kusimuliwa.

Katika kambi hizo watoto nao wanatengeneza ndege, za makopo, waya na mabua. Wazee waliokuwa Katanga wakati ule wamebaki wachache. Mtoto akileta ndege yake ya kopo, ni vema mzee amwambie habari ya namba 93, na amwambie pia habari ya watu waliokuwa chini yake.