Suria si mke wa pili

SI ajabu siku hizi kusikia mke wa pili akiitwa suria, au neno hilo likitumiwa badala ya hawara na ‘mpango wa kando’. Matumizi hayo yanapotosha. Mwanamke aliyeolewa juu ya mwenzake ni mke. Ndoa yake ni ya mitala, na wenzake ni wake wenza. Suria hakuolewa.

Asili ya neno ni Kiarabu, surriyya. Kiswahili kikalilainisha, kikalipa wingi wa masuria na hali ya usuria. Wanaleksikografia wa Kiarabu walitofautiana kuhusu mzizi wake: wapo waliolihusisha na sirr, ambalo nasi tunalo kama siri, na wapo waliotaja surur, yaani furaha. Furaha ya nani, hilo ni swali jingine.

Katika Pwani ya Afrika Mashariki, suria alikuwa mjakazi ambaye bwana wake alimtwaa kitandani. Hakuombwa ridhaa wala hakutolewa mahari. Hata hivyo, sheria ya Kiislamu ilimhesabu mtoto wake aliyekubaliwa na baba kuwa huru na mrithi sawa na mtoto wa mke, naye mama akawa huru bwana alipofariki. Ndiyo sababu Sayyid Majid na Sayyid Barghash, wana wa Sayyid Said waliotawala Zanzibar kwa kufuatana kuanzia 1856 hadi 1888, walikalia kiti ilhali mama zao walikuwa masuria. Dada yao Salme, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mnamo 1886, alizaliwa na suria Mcherkesi.

Amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwabagua masuria, ikitaka wahesabiwe kama wake. Aliyetaka uhuru alipaswa kuthibitisha ukatili. Waliachwa hivyo hadi 1909. Kumbe kuchanganya suria na mke hakukuanza leo, na waliolipia kosa hilo ni wanawake wenyewe.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaijua tofauti: Sulemani alikuwa na wake 700 na masuria 300, hesabu mbili mbalimbali. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua mitala katika ndoa za kimila na za Kiislamu. Mjane wa ndoa kama hiyo akiitwa suria wakati wa kugawa urithi, ana kila sababu ya kupinga.