Barafu ya Kabureta

Barafu ya kabureta ni ile inayojijenga ndani ya kabureta ya injini ya ndege ndogo na kuziba njia ya hewa, hata injini ikapungua nguvu au kuzima kabisa. Hakuna chuma kilichovunjika wala mafuta yaliyokwisha. Injini ni nzima, ila imekosa pumzi.

Kabureta ina koo jembamba. Hewa ikipita hapo huongeza mwendo, kanieneo yake hushuka, nayo hupoa. Papo hapo petroli hunyunyizwa na kugeuka mvuke, ikinyonya joto kama spiriti inavyoipoza ngozi kabla ya sindano. Kwa pamoja, halijoto yaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi. Unyevu wa hewani huganda kwenye kuta za koo na kwenye kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa.

Mtu angeweza kusema “kuganda kwa kabureta”, lakini hilo ni jina la kuepukwa, kwani huleta picha ya kifaa kilichokwama, au ya ndege iliyo kwenye baridi kali. Ukweli uko mbali na hapo. Hatari ni kubwa zaidi halijoto ikiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80, lakini barafu hii yaweza kujijenga hata kwenye nyuzi 38. Baridi kali na kavu, kinyume chake, haina unyevu wa kutosha. Rubani anayeshuka kuelekea Zanzibar mchana wa jua, hewa ikiwa nzito kwa unyevu wa bahari, ana sababu ya kutahadhari. “Barafu ya kabureta” hutaja mahali inapotokea, bila kudokeza hali yoyote ya hewa, na hilo ndilo linalohitajika.

Katika ndege ambayo pembe ya propela haibadiliki, dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kupungua taratibu. Wakati wa kushuka dalili hiyo hufichika: nguvu tayari imepunguzwa, kibamba kimekaribia kufunga, na barafu kidogo tu yatosha kuziba.

Dawa yake huitwa joto la kabureta: rubani huvuta kipini kinachoingiza hewa iliyopashwa moto na ekzosi. Mizunguko hushuka kidogo, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi. Barafu ikiwepo, injini hutetemeka na kukohoa inapomeza maji yaliyoyeyuka, kisha mizunguko hupanda. Kurudisha kipini katikati ya mtetemeko huo ni kosa la hatari. Kuchelewa nako kuna gharama, maana injini ikizima ekzosi hupoa, na joto la kuyeyushia barafu hutoweka.

Ndege ndogo za aina ya Cessna 172 zilizotengenezwa tangu 1996 hazina kabureta. Petroli hudungwa karibu na silinda. Za zamani, zenye kabureta, bado zinaruka kwa wingi.