Vic Preston wa Pili

Kwenye orodha ya washindi wa Safari Rally jina la Vic Preston limeandikwa mara mbili, 1954 na 1955. Mara ya kwanza aliendesha Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa duara. Mwaka uliofuata akaja na Ford Zephyr. Mara zote mbili pembeni yake alikaa D. P. Marwaha akimsomea njia. Shuka na orodha hiyo hadi leo, hutamkuta tena Preston. Lakini kulikuwa na Vic Preston mwingine, mwanawe, aliyebeba jina lilelile na kuingia mashindano yaleyale, tena akiwa na magari ambayo baba yake mwaka 1954 asingeweza hata kuyaota.

Huyu wa pili ndiye ninayemfuatilia. Baba nimemwelewa haraka, mtoto bado ananisumbua.

Turudi nyuma kidogo. Mashindano yalianza Mei 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Eric Cecil alikuwa amemwalika binamu yake, Neil Vincent, washindane kwenye uwanja wa Langa Langa kule Kenya. Binamu akakataa, haoni raha ya kuzungukazunguka duara. Akasema heri mashindano ambayo mtu anatoka mlangoni kwake, anakatiza nchi nzima, na wa kwanza kurudi ndiye mshindi. Basi wakachora njia kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengine walianzia Nairobi, wengine Kampala, wengine Morogoro. Magari yalikuwa yaleyale ya dukani, na yaligawanywa kwa bei yake. Ndiyo maana mtu na Volkswagen yake angeweza kuondoka na kombe. Kenya wakati huo ilikuwa chini ya hali ya hatari, watu wako kizuizini kwa maelfu, huku wengine wakisherehekea taji la London kwa kukanyaga mafuta. Sijui kama kuna namna nzuri ya kuziweka picha hizo mbili kwenye fremu moja. Naziacha hivyo.

Nakaa Kibaha, jirani na barabara ya Morogoro, na usiku kinachonibembeleza ni malori yanayopanda bara. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, na ukitoka Dar kwenda bara kwa gari, njia kuu ni hii hii. Mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, akisomewa njia na Gunnar Palm wa Sweden ndani ya Ford Escort. Alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Wakazi wa Kibaha watatabasamu hapo: miaka miwili tu kabla, mwaka 1970, nchi za Nordic zilikuwa zimetukabidhi kituo chao cha elimu na afya, ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Watu wa kule kwenye theluji wanatuachia shule na hospitali, kisha wenzao wanakuja kutufundisha kuendesha kwenye vumbi letu wenyewe.

Mwaka 1973 Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia, na mambo yakabadilika. Kampuni zikaleta magari yaliyotengenezwa maalumu, mafundi wa kutosha, vipuri kwa tani. Huo ndio ulimwengu aliourithi Preston mdogo. Baba alishinda mchezo wa majirani wanaofahamiana. Mtoto aliukuta umekuwa vita vya viwanda.

Pasaka ya 1978 Porsche walileta Kenya magari mawili aina ya 911 SC yenye rangi za Martini. Moja alipewa Björn Waldegård, Msweden aliyekuwa ameshinda mwaka uliotangulia. La pili akapewa Vic Preston mdogo, na John Lyall akakaa kushoto au kulia, popote msoma ramani alipowekewa kiti. Waldegård aliharibikiwa na mfumo wa chini wa gari akamaliza wa nne. Preston alimaliza wa pili. Mbele yake alikuwa Mfaransa, Jean-Pierre Nicolas, na Peugeot 504.

Wa pili, nyumbani, akimshinda mwenzake wa Porsche aliyetumwa kuja kushinda! Mtu mwingine yeyote tungesema amefanya makubwa. Lakini wewe ukiitwa Vic Preston, na Vic Preston tayari yuko kwenye orodha mara mbili, wa pili ni nani? Baadaye alipanda na magari ya Mercedes na Lancia, na Safari haikuwahi kumwangukia.

Wamarekani wanaijua habari hii vizuri. Mario Andretti alishinda Indianapolis 500 mwaka 1969. Mwanawe Michael aliongoza mbio hizo kwa jumla ya mizunguko 431 katika maisha yake, na hakushinda hata mara moja. 1991 alimaliza wa pili nyuma ya Rick Mears. Michael hakuwa dereva dhaifu hata kidogo. Mwaka huohuo wa 1991 alikuwa bingwa wa msimu mzima. Lakini muulize shabiki wa kawaida kule kwao, atakwambia kuhusu ile mbio moja ambayo baba alishinda na mtoto hakushinda.

Wapo waliogeuza kibao. Carl Tundo, Mkenya wanayemwita Flash, ni mtoto wa Frank Tundo aliyeshiriki Safari bila kuishinda. Carl ameishinda mara 5, ya mwisho 2018, na 2021 akawa bingwa wa Afrika. Nadhani ni rahisi zaidi kurithi kiu kuliko kurithi kombe. Na Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kati ya vijana wa Kenya waliopewa Ford Fiesta walikuwamo Hamza Anwar, mtoto wa dereva Azar Anwar, na McRae Kimathi, mtoto wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani ambaye ndiye aliyesimamia kurudi kwa mashindano yenyewe. Jina McRae ni la Colin McRae wa Scotland, mshindi wa Safari mara 3, ambaye naye ni mtoto wa Jimmy McRae, bingwa wa Uingereza mara 5. Yaani mtoto wa dereva amepewa jina la mtoto wa dereva. Februari 2022 kijana huyo alikuwa Sweden, anaendesha kwenye theluji.

Watu watasema upendeleo. Upo, wala tusidanganyane. Mtoto wa dereva anazaliwa na gereji uani, anajua harufu ya klachi iliyoungua kabla hajajua kusoma, na simu ya baba inapokelewa na watu wenye magari. Ila hakuna baba anayeweza kukukatia kona kule porini. Pale mzazi na mtu wa kawaida wako sawa, wote wanasubiri habari.

Kinachoniuma mimi ni upande wetu. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404, na ule wa pili ulikuja wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha. Tulikuwa na barabara, tulikuwa na bingwa. Kisha katikati ya miaka ya 1970 jina la East African likaondolewa, mashindano yakajifungia Kenya. Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ikafa mwaka huohuo. Preston mdogo alipomaliza wa pili Pasaka ile ya 1978, mtu wa Kibaha asingeweza kuvuka Namanga kwenda kumshangilia hata angetaka. Miezi saba baadaye majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na mafuta yakawa na kazi nyingine. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1977 alikuwa na 24. Kwa dereva, hiyo ndiyo miaka ya kujifunza.

Kwa hiyo tunachorithishana huku ni spana. Kisarawe kuna gereji ninakopeleka gari langu, baba na mwana chini ya mwembe. Kijana yule anasikia beringi inayokufa kabla hajafungua boneti, na anapolijaribu gari kwenye ule mteremko wa kuelekea Pugu, mvua ikiwa imenyesha, mimi hushuka nikamsubiri juu. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya Porsche ya 1978. Hakuuliza habari za dereva. Aliivuta picha ikawa kubwa, akauliza kutoka ardhini hadi tumboni ni kiasi gani.

Nikamwambia sentimita 28.

Akapima kwa shibiri hewani, akaongeza vidole vitatu. Kisha akainama chini ya gari langu na kiganja kilekile. "Hii yako, kaka, haifiki hata shibiri." Alikuwa anataka kuendelea, ila mzee akamwita amletee spana namba 14.