Jina lililokatwa kwenye dawa ya TB

Oktoba 2023 ilitimia miaka 80 tangu Albert Schatz, mwanafunzi wa Chuo cha Rutgers, New Jersey, aone kwamba bakteria wa kawaida wa udongo, Streptomyces griseus, hutoa kemikali inayoua vijidudu ambavyo penisilini haikuviweza. Jamaa za bakteria huyu ndizo zinazoipa ardhi ile harufu ya mvua za kwanza. Schatz, kijana wa miaka 23, alimpata katika udongo wa shamba lililotiwa samadi na pia kwenye koo la kuku. Dawa ikaitwa streptomaisini, ya kwanza kuponya kifua kikuu.

Bakteria mwenyewe alikuwa amekwisha kuelezwa na wanasayansi tangu 1914. Ugomvi ulikuja na fedha.

Mwandishi Peter Pringle, aliyefuatilia daftari za maabara kwa ajili ya kitabu chake cha 2012, anaonyesha kwamba Schatz alifanya kazi karibu peke yake kwenye chumba cha chini ya jengo, akilala humohumo. Mwalimu wake, Selman Waksman, aliogopa TB. Mwaka 1946 wote wawili walikabidhi haki zao kwa taasisi ya chuo, ili dawa iwafae watu. Baadaye Schatz akagundua kwamba mwalimu wake alikuwa akilipwa mrabaha kwa siri. Mwaka 1950 alimshtaki.

Wanasayansi wengi walimchukia kijana huyo kwa kumpeleka mwalimu mahakamani. Mimi namuunga mkono: mtu akinyimwa jasho lake, adabu haimzuii kulidai. Kesi iliishia kwa makubaliano. Schatz alitambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza, akapewa asilimia 3 ya mrabaha. Waksman akapata 10. Miaka miwili baadaye Tuzo ya Nobel ilimwendea Waksman pekee. Hiyo ilikuwa dhuluma. Rutgers ilimpa Schatz medali mwaka 1994, akiwa mzee.

Elizabeth Bugie, ambaye jina lake ni la pili kwenye makala ya kisayansi ya 1944 iliyoitangaza dawa hiyo, hakuwekwa hata kwenye hataza.

Huku kwetu, sindano za streptomaisini ziliingia katika mpango wa taifa wa kifua kikuu Tanzania ulioanza 1977, ambao baadaye nchi nyingi ziliuiga. Mwaka 2019 New Jersey ilimtangaza griseus kuwa bakteria rasmi wa jimbo. Bugie bado anasubiri heshima kama hiyo.