Rangi ya Ndege ya Mwanza

Tarehe 29 Machi, 1979, katika Vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumnusuru Idi Amin, iliulenga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi.

Kwa fundi wa Geita, wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi 2012, kisa hiki ni cha nyumbani. Akichonga mfano wa ndege hiyo, rangi ndiyo mtihani. Bendera nyekundu, nyeupe na nyeusi Libya iliiacha Novemba 1977. Yenye mwezi na nyota, iliyorejeshwa 2011, ingewabebesha lawama waliompindua Gaddafi. Ya siku ile ilikuwa kijani kitupu. Mfano ni mdogo, lakini rangi yake ni ushahidi.