Likizo ya Kujitolea Katika Maafa

Likizo ya kujitolea katika maafa ni ruhusa ya kutokuwepo kazini anayopewa mtumishi wa umma ili akahudumie waathirika wa mafuriko, tetemeko, moto au janga jingine, huku mshahara ukiendelea na siku zake za likizo ya mwaka zikibaki salama. Huanza kwa ombi la mtumishi mwenyewe. Hapo ndipo inapoachana na kutumwa kikazi.

Nchi za nje

Nchini Marekani, jimbo la Florida huruhusu hadi siku 15 za kazi ndani ya miezi 12 kwa mtumishi anayejitolea na Msalaba Mwekundu; Illinois huruhusu 20. Japani iliwapa watumishi wa serikali kuu siku 5 kwa mwaka kuanzia 1997, kufuatia tetemeko la Kobe la 1995.

Tanzania Bara

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayowahusu pia watumishi wa umma isipokuwa wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ilipotungwa ilitaja likizo ya mwaka (siku 28), ugonjwa (126), uzazi (84, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja), ya baba (3), na siku 4 za kuuguliwa na mtoto au kufiwa na ndugu wa karibu. Msiba wa nyumbani ukapewa siku zake, wa kata nzima ukaachwa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, inaweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Mganga mkuu wa wilaya na mhandisi huitwa kwa vyeo vyao, nao huondoka na barua ya safari na posho ya kujikimu. Mwalimu aliye mwanachama wa Msalaba Mwekundu, chama kilichoundwa kwa sheria ya 1962, akiitwa na tawi lake huandika barua ya ruhusa kupitia kwa mwalimu mkuu kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha husubiri. Maji hayasubiri. Wengi huona heri kukata siku zao za likizo.

Iringa

Mkoa wa Iringa ni mfano: maafa yake ni pamoja na mafuriko ya tarafa ya Pawaga, yaliyofunika mashamba ya mpunga mwanzoni mwa 2016, na ajali za barabara kuu ya Tanzania–Zambia. Katika ajali ya Changarawe, Mafinga, tarehe 11 Machi 2015, kontena liliangukia basi na zaidi ya watu 40 wakafariki. Wauguzi waliopokea majeruhi hospitalini walikuwa kazini, hivyo suala la likizo halikuwahusu. Vivyo hivyo afisa ugani wa Pawaga anayewavusha majirani zake usiku: yupo kituo chake cha kazi, na asubuhi anatakiwa ofisini.

Zanzibar

Sheria hizo ni za Bara; Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa.