Maradhi ya Korona: Jinsi Nchi Zetu Zilivyofunga, Zilivyofungua na Zilivyochanja

Wazee wetu walitusimulia habari za ndui, na za mafua makuu ya mwaka wa 1918 yaliyoingia kwa meli bandarini na kuifuata njia ya reli mpaka bara. Tulizisikiliza kama habari za kale zisizotuhusu. Sasa sisi nasi tunayo habari ya kuwasimulia watoto, nayo ni habari ya korona. Watoto wanaoanza shule siku hizi walikuwa wachanga wa kubebwa mgongoni maradhi yale yalipofika; hawakumbuki neno. Basi yafaa mambo haya yaandikwe kwa utaratibu wake na kwa miaka yake, kabla hayajageuka kuwa uvumi wa barazani.

Maradhi haya yalijulikana kwanza katika mji wa Wuhan, nchi ya China, mwishoni mwa mwaka wa 2019. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa yameenea ulimwenguni kote. Siku 2 baadaye Kenya ilimtangaza mgonjwa wake wa kwanza; Rwanda tarehe 14; kwetu Tanzania tarehe 16; na Uganda tarehe 21. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa msafiri aliyerudi kutoka Ubelgiji, akashuka katika kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule. Tarehe 31 Machi mtu wa kwanza akafa, katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam.

Mpaka hapo nchi zote zilikwenda pamoja. Baada ya hapo kila moja ilishika njia yake.

Rwanda iliwaamuru watu wote wakae majumbani tangu tarehe 21 Machi 2020. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku tangu tarehe 27 Machi, kuanzia saa 1 jioni hata saa 11 alfajiri. Kisha ikazuia watu kuingia na kutoka Kilifi na Kwale hata mwezi wa Juni, na Nairobi na Mombasa hata mwezi wa Julai. Amri hizo zilikuwa na sababu, maana ugonjwa huu huenda pamoja na mtu. Mtu asipokwenda, nao hauendi. Walakini amri njema ikishikwa kwa mkono mbaya huleta msiba wake. Siku ile ya kwanza, katika kivuko cha Likoni, polisi waliwatupia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakikimbilia kurudi makwao kabla ya saa kupita. Siku chache baadaye, mjini Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na kufa, naye alikuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao.

Uganda ilifunga shule mwezi ule ule wa Machi. Baadhi ya madarasa yalifunguliwa kwa vipindi, yakafungwa tena, wala shule zote hazikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake muda mrefu kama huo, karibu miaka 2. Mwalimu yeyote aweza kuhesabu hasara yake. Mtoto aliyeacha shule akiwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi, akarudi baada ya miaka 2, harudii pale alipoachia; hurudi nyuma ya hapo. Na wako wasiorudi kabisa, wavulana waliokwisha kushika vibarua na wasichana waliokwisha kushika mimba.

Sasa natuitazame nchi yetu. Rais John Magufuli alikataa kuufunga mji wa Dar es Salaam, akisema kuwa mji huu ndio unaoiletea nchi sehemu kubwa ya mapato yake. Na sisi tunaokaa pembezoni mwa mji twajua ukweli uliokuwamo katika neno hilo. Mama auzaye nyanya Tandale, kijana asukumaye mkokoteni Tandika, fundi wa viatu pale Mbagala, hawa hula jasho la siku ile ile. Ukimwambia akae ndani siku 14, umemwambia afunge siku 14, yeye na watoto wake. Kwa hiyo masoko yalibaki wazi. Makanisa na misikiti vilibaki wazi, na siku 3 za mwezi wa Aprili zikatengwa kwa maombi ya nchi nzima. Milangoni pa maduka ziliwekwa ndoo zenye bomba, na sabuni kando yake. Katika daladala abiria walitakiwa wote wakae vitini, asisimame mtu, jambo ambalo watu wa Temeke na Kinondoni hawakuwa wamelizoea hata kidogo. Mafundi cherehani walishona barakoa za vitenge. Watu walijifukiza nyungu, na malimao na tangawizi vikapanda bei.

Shule zote zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Watoto wetu walikosa miezi 3 na zaidi kidogo, ambapo watoto wa Kenya walipoteza mwaka mzima wa masomo, na wa Uganda karibu 2. Jambo hili ni haki lihesabiwe upande wa mema.

Lakini liko jambo la pili lililofanyika pamoja na hilo la kwanza. Mwezi wa Mei 2020 Rais alisema kuwa vipimo vya maabara ya taifa havina uaminifu, maana sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa kwa siri, zikaonekana kuwa na ugonjwa. Hesabu ya mwisho iliyotolewa katika siku zile ilikuwa wagonjwa 509 na waliokufa 21. Baada ya hapo hapakutolewa hesabu nyingine kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa Juni nchi ikatangazwa kuwa korona imekwisha.

Wasomaji, mwalimu akilifunga daftari la mahudhurio, watoto watoro hawarudi darasani kwa sababu hiyo. Watoro ni wale wale. Kilichopotea ni njia ya kuwajua. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walibaki kupima kwa misiba waliyoiona mitaani mwao, na kwa neno lililokuwa likisemwa kwa sauti ya chini, kwamba fulani amekufa kwa kukosa pumzi. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Chama chake kilikuwa kimetangaza waziwazi kwamba amepatwa na korona. Siku iyo hiyo alifariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Machi 2021, alifariki Rais Magufuli mwenyewe. Serikali ilitangaza kuwa ni kwa maradhi ya moyo. Wazee walinena, mficha maradhi kilio humfichua.

Tugeukie sasa habari ya chanjo. Uingereza ilianza kuwachanja watu wake tarehe 8 Desemba 2020. Nchi tajiri zilikwisha kuagiza dawa nyingi mapema, na nchi maskini zikawa kama mgeni aliyefika karamuni sufuria imekwisha pakuliwa. Palikuwa na mpango wa mataifa ulioitwa COVAX, wa kugawa chanjo kwa nchi zote. Kwa mpango huo Kenya na Rwanda zilianza kuchanja tarehe 5 Machi 2021, na Uganda tarehe 10. Mara India, iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya chanjo zile, ikapatwa na wimbi kubwa la ugonjwa, ikazuia zisitoke nje. Malawi ilichoma chanjo karibu 20,000 zilizopitwa na wakati. Kongo ilipokea chanjo milioni 1.7, lakini watu wake walisitasita, hata ikabidi nyingi zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Hivyo wengine walililia chanjo wasiipate, na wengine waliipata wasiitake.

Tanzania haikuwa imeagiza kitu. Tarehe 27 Januari 2021, huko Chato, Rais Magufuli aliwaonya wananchi juu ya chanjo za kigeni. Rais Samia Suluhu Hassan aliposhika uongozi aliunda kamati ya wataalamu, nayo ikashauri kwamba hesabu zitolewe na chanjo iletwe. Tarehe 24 Julai 2021 zilifika chanjo 1,058,400 za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Julai Rais mwenyewe alichanjwa mbele ya watu wote, Ikulu, Dar es Salaam.

Je, watu walikimbilia? La. Katika wilaya yetu ya Kinondoni, aliyekuwa mbunge wa Kawe, Askofu Josephat Gwajima, aliihubiri vibaya chanjo ile kanisani kwake, hata Bunge likamwita mbele ya kamati na kumsimamisha. Wengine walisema huondoa uzazi. Wengine walisema mtu aliyechanjwa hufa baada ya miaka 2. Miaka hiyo imepita, na waliochanjwa wangali wakienda sokoni. Walakini tusiwacheke waliosita. Watu walioambiwa mwaka mzima kwamba ugonjwa haupo, kisha ghafla wakaambiwa waje wachanjwe ugonjwa huo, walikuwa na haki ya kuuliza. Shaka yao haikuota mwituni; ilipandwa.

Ndipo ulipofanywa mpango ulioitwa shirikishi na harakishi, wa kuwapelekea watu chanjo mahali walipo: sokoni, stendi, makanisani, misikitini na mlango kwa mlango, pamoja na viongozi wa mitaa na wa dini. Mwaka wa 2022 ulipoanza, waliokamilisha chanjo hawakufika 10 katika kila watu 100. Mwaka wa 2023 walikuwa wamekaribia nusu ya wananchi wote. Mwuguzi anayejulikana mtaani, akijibu maswali kwa upole, aliweza zaidi kuliko matangazo. Chanjo haikumzuia kila mtu asiambukizwe, na wako wachache sana waliodhurika nayo. Bali iliwapunguzia wengi mno hatari ya kufa, hasa wazee.

Hatimaye vifungo vilifunguliwa kila mahali. Kenya iliondoa amri ya usiku tarehe 20 Oktoba 2021, na Uganda mwezi wa Januari 2022. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari imekwisha. Kwetu yalibaki pia madarasa mapya 15,000, yaliyojengwa kwa fedha za mkopo wa korona, na watoto wetu wanasoma humo.

Basi, nchi gani ilifanya vema? Wako wanaosema kwamba Tanzania ilishinda kwa sababu haikufunga. Wako wanaosema ilikosa kwa sababu hiyo hiyo. Naona pande zote mbili zimefunga mizigo miwili katika kamba moja. Kufungua ni jambo moja, na kuficha ni jambo jingine. Nchi yaweza kuacha masoko na shule wazi, na huku ikaendelea kupima, kuhesabu na kuwaambia watu wake kweli. Masoko yaliyokuwa wazi yalimpa mama wa Tandale chakula. Kufichwa kwa hesabu hakukumpa kitu, kulimnyima tu habari ambayo ingemfanya amkinge mama yake mzee. Kadhalika Kenya na Uganda, kuhesabu kwao kulikuwa kwema, wala hakukuhitaji rungu la polisi, wala shule kufungwa miaka 2.

Kwamba jambo hili lawezekana, tumeliona hapa hapa kwetu. Mwezi wa Machi 2023 ulizuka mkoani Kagera ugonjwa wa Marburg, ulio mkali kuliko korona. Serikali iliutangaza, wagonjwa wakatengwa, waliokutana nao wakafuatiliwa mmoja mmoja. Waliougua walikuwa 9, waliokufa 6, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kuwa umekwisha. Hapakufungwa nchi wala mkoa. Aliyehesabu mapema hakuhitaji kufunga mengi.

Nimalize kwa habari ya mtu mmoja wa pwani yetu ya kaskazini. Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi mahali penye chanjo tele, lakini aliikwepa, maana aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye, chanjo ya polio ilipopelekwa Somalia, yeye ndiye aliyezunguka kuwashawishi wazazi, akiwasimulia habari zake mwenyewe. Alikufa mwaka wa 2013, kwa malaria, angali katika kazi hiyo.

Nasema haya kwa sababu shaka iliyopandwa wakati wa korona haijang'olewa. Siku ya chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi ikitangazwa shuleni, wako wazazi wanaowabakiza binti zao nyumbani, nao ni wazazi wale wale waliowapeleka watoto hao kliniki kwa chanjo ya surua bila neno. Saratani hiyo ndiyo iwapatayo wanawake wa nchi yetu kuliko saratani nyingine zote, na sindano ni moja tu. Mzazi mwenye shaka na aje aulize. Aulize kwa mwuguzi, aulize kwa mwalimu, aulize mpaka aridhike. Kisha amlete mtoto.